Bampa Mbili za Sigang

Siku Sigang alipowaambia watu wa kijiji cha Buduk Sia kwamba ataitengenezea Landrova ya baba yake bampa mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa chuma cha daraja lililoanguka, wengi walidhani anatania. Daraja lenyewe lilikuwa limelala mtoni tangu wakata magogo walipofunga kambi yao na kwenda zao. Mihimili yake ilitokeza majini kama mbavu za nyati mzee, imeota ukoga wa kijani, na hakuna aliyeiona kuwa ni mali. Watoto waliitumia kurukia majini, basi.

Lakini Sigang alikuwa na jicho la chuma. Aliondoka milimani akiwa msichana, akashuka mji wa pwani wa Lawas, akavuka bahari mpaka kisiwa cha Labuan kutafuta kazi kama wenzake. Wenzake waliingia madukani na mahotelini. Yeye akajikuta kwenye karakana ya meli, amevaa ngao usoni, anachomelea mabamba ya matumbo ya meli. Akaipenda kazi ile, nayo ikampenda, mpaka mikono yake ikajaa madoa ya cheche. Mama yake alipofariki, akarudi nyumbani kumtunza baba. Alikuja na jenereta, mashine ya kuchomelea na sanduku la zana zito hata waliolibeba walimuuliza kama ameleta nanga.

Baba yake, mzee Murang, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuendesha gari katika nyanda zile. Landrova yake ilishusha mpunga wa kijiji kizima, ikapandisha maharusi, ikabeba wagonjwa na majeneza. Sasa ilikuwa imeegeshwa chini ya nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Bampa ya mbele iling'oka zamani kwenye jiwe fulani njiani, na mhimili wa nyuma wa kushikia bampa ulikuwa umeliwa na kutu mpaka ukawa kama biskuti iliyolowa chai.

Sigang alianza na injini. Injini haikumsumbua sana, bado ilikuwa na roho. Siku ilipowaka, moshi ukafumuka, kuku wakatawanyika, na mzee Murang akatoka barazani kwa haraka ambayo haikuonekana miguuni mwake tangu msiba.

"Umeiamsha," alisema.

"Imeamka, lakini haina meno. Nataka tushuke nayo Lawas kwenye sikukuu."

Sikukuu ile ya mavuno ndiyo iliyowakutanisha watu wote wa kabila la Lun Bawang, wa milimani na wa pwani, kila mwaka, kwa mbio za nyati wa kufugwa, ngoma na vyakula. Watu wa Buduk Sia walishuka kwa msafara wa magari, na msafara ulikuwa na sheria yake: gari lisilo na mahali imara pa kufungia mnyororo haliendi. Barabara ile ni ya udongo wa mfinyanzi. Leo utamvuta mwenzako, kesho utavutwa wewe. Gari lisilo na bampa ni kama mtu asiye na mkono wa kushikwa.

Mkuu wa msafara alikuwa Labo, mume wa Rinai, dada mdogo wa Sigang. Labo alikuwa na pikapu mpya iliyong'aa na mdomo usiopumzika, na kwa kuwa Sigang ni shemeji yake, mdomo huo haukuwa na breki hata kidogo.

Alimkuta Sigang mtoni, amemfunga nyati wa jirani kwenye mhimili, wanavuta pamoja, mtu na mnyama, wote wametapakaa matope.

"Shemeji, hebu niambie ukweli. Hicho ni chuma cha bampa au unalihamisha daraja lije barazani kwako?"

"Nikimaliza bampa nitakutengenezea breki ya mdomo," Sigang akajibu bila kugeuka. "Shika kamba hapa."

Labo akashika kamba. Alikuwa mtani, lakini hakuwa mvivu.

Kazi ikaanza. Sigang aliparua ukoga na kutu mpaka chuma kikatoa rangi yake ya asili, kijivu safi. Ulikuwa ni mhimili wenye umbo la mfereji, mnene kuliko chuma chochote cha dukani. Akaukata kwa grenda ya kukatia chuma, akapinda mabamba ya kuziba ncha, akachomelea pete nene za kufungia mnyororo, pete zilizotokana na minyororo ya wale wale wakata magogo. Kijiji kilizoea mwanga wake wa buluu ukimetameta chini ya nyumba. Wazee walipita wakikinga macho kwa viganja, wanaguna. Mzee Murang alikaa juu barazani na kulalamika kupitia mapengo ya sakafu.

"Usiitwishe Landrova yangu mizigo! Ina umri huo!"

"Mzigo huu ndio utakaoibeba, baba!"

Bampa ya mbele ilipokuwa tayari, alitaka watu waione. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, au tuseme haraka yake. Jumamosi alasiri akaileta Landrova uwanjani mbele ya kanisa, akafunga mnyororo kutoka kwenye bampa mpaka kwenye kisiki kikubwa kilichoshindikana kung'olewa, na akaingia garini. Watu walikuwa wamejaa. Bendi ya mianzi ya kupuliza, iliyokuwa ikifanya mazoezi ya sikukuu, ilinyamaza, wapigaji wakasogea na mianzi yao mikononi.

Sigang akaweka gia ya nyuma, akaachia klachi polepole. Mnyororo ukanyooka. Akakanyaga mafuta.

Kraa!

Landrova ikaruka nyuma kama mtu aliyekatikiwa na kamba ya kisima. Bampa ikabaki kule mbele, imening'inia kwenye mnyororo, na ncha mbili za chesisi, ile fremu ya chini ya gari, zimeing'ang'ania kama nyama iliyong'oka na jino.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka mashambani. Labo alicheka akakaa chini.

"Kuchomelea kwangu kumeshika," Sigang alisema, akitazama maungio. Ni kweli, hakuna ungio lililoachia. Lakini sauti yake mwenyewe haikumshawishi.

"Kumeshika, shemeji, kumeshika kabisa," alisema Labo akijifuta machozi. "Tatizo gari limebaki nyuma!"

Mzee Murang hakucheka. Alitazama pua ya Landrova yake ilivyochanika, akageuka, akaenda nyumbani kwa miguu. Jioni ile alikula wali wake peke yake barazani. Kesho yake pia. Ndani ya nyumba ile watu wawili walipishana kama wapangaji, na Sigang akatamani baba amgombeze, ayamalize.

Siku ya tatu aliingia chini ya gari na nyundo ndogo. Akaanza kuigonga chesisi kutoka nyuma kuja mbele, shibiri kwa shibiri, akisikiliza. Chuma kizima huitika kama kengele. Kibovu hukohoa. Sehemu ya katikati iliitika vizuri. Mbele, zile pembe mbili zinazotoka kushika bampa, zilikohoa tu, na unga mwekundu ukamwagika usoni mwake. Mhimili wa nyuma ulikohoa vivyo hivyo. Akalala pale chali, unga wa kutu kwenye nyusi, na akaona wazi alichokifanya: alikuwa amemvisha mgonjwa kofia ya chuma. Kule karakanani msimamizi angemfukuza kazi kwa jambo kama hilo. Hakuna anayechomelea bamba jipya kabla hajaujua mwili unaolipokea.

Ili bampa ishike, ilibidi azikate zile pembe zote na mhimili wa nyuma, mpaka kwenye chuma kizima, ajenge vingine upya. Na hilo halikuwa jambo la kufanya bila ruhusa. Akapanda barazani, akakaa mbele ya baba yake, akamweleza yote bila kuficha.

Mzee alikuwa akimenya nanasi. Hakuinua macho.

"Ukikata hapo, halafu ukakosea?"

"Litabaki kuwa banda la kuku."

"Lilishakuwa banda la kuku." Akakata kipande cha nanasi, akampa. "Kata."

Kisha, kwa mara ya kwanza, akashuka naye.

Kumbe mzee alikuwa na maneno mengi yaliyomkwama. Alizunguka bampa iliyong'oka, akaigusa kwa kidole cha mguu, akatikisa kichwa. "Hii umeitengenezea meli," alisema. "Imenyooka kotekote. Wewe ukishuka kwenye kivuko cha mto pale chini, ukingo utakushika hapa na hapa. Utabaki pua majini, matako juu." Akaokota mkaa jikoni, akachora kwenye chuma: ncha zote mbili zipande juu, kama mdomo wa mtumbwi.

"Nitaikata hivyo," alisema Sigang. Ilimuuma kidogo, lakini alijua ni kweli. Yeye alikijua chuma. Baba aliijua njia.

"Na tundu la hendeli liko wapi?"

"Hendeli ipi?"

"Hendeli ya kuwashia! Betri ikifa utaiwasha kwa maombi?"

Sigang akatazama bampa. Nene, imara, imekamilika, na imeziba kabisa mahali ambapo Landrova za zamani huingiziwa chuma cha kuzungushia injini. Akajishika kichwa. Mzee akaanza kutikisika mabega, na Sigang akadhani amekasirika, kumbe anacheka. Wakacheka wote wawili mpaka Rinai, aliyekuwa akileta mboga, akasimama njiani na kapu lake kichwani. Hakuwa amesikia kicheko cha baba yake tangu walipomzika mama.

Tangu hapo walifanya kazi pamoja. Sigang alikata pembe kuukuu na mhimili wa nyuma, akatengeneza vipya kutoka kwenye chuma kile kile cha daraja, akaviunganisha na chesisi kwa mabamba marefu ya ubavuni, ili nguvu isikae mahali pamoja bali isambae. Kila ungio alilichomelea, akaligonga kutoa ganda, akalitazama, na lisipomridhisha alilichimba lote akaanza upya. Mzee alishikilia, alipima kwa kamba, aligomba, alipika. Walikula wali laini uliofungwa kwenye majani, na nguruwe mwitu wa kukaushwa moshini, wamekaa juu ya matairi. Bampa ya nyuma ilipomalizika, mzee aliipaka mwenyewe rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo la kanisa, kisha ya mbele, polepole, kama anayepaka mtoto mafuta.

Hawakuijaribu uwanjani. Muda ulikwisha, na Sigang hakuwa na hamu ya hadhara nyingine. Asubuhi ya safari waliingia kwenye msafara, na Labo akaja kukagua. Akainama, akatazama chini kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Haya, zimependeza," alikiri. "Lakini kaa nyuma kabisa, shemeji. Zikikatika usitufungie njia."

"Nyuma nitakaa. Wewe angalia mbele."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Magari mawili ya mwanzo yaliteremka mlima mrefu taratibu, yakavuka kivuko, yakasubiri ng'ambo. Labo akafuata na pikapu yake, Rinai pembeni yake, nyuma wapigaji wa bendi wameshikilia mianzi yao. Landrova ndiyo ilikuwa bado kileleni, mzee Murang kwenye usukani, Sigang kando yake.

Waliona yote. Pikapu ilifika mahali ambapo barabara inapinda, ikagusa utelezi, ikaanza kwenda upande kwa upole wa ajabu, bila kelele, kama sahani inayoteleza mezani. Watu wa nyuma wakaruka. Gurudumu la mbele la kulia likapita ukingo, likabaki hewani juu ya korongo. Pikapu ikasimama, imeinama. Rinai alitoka kwa mlango wake wa juu, akatambaa matopeni. Labo hakutoka.

"Toka!" watu walipiga kelele.

"Siwezi!" sauti yake ilitoka nyembamba. "Nikiachia breki inaondoka!"

Mzee Murang aliishusha Landrova taratibu mpaka mahali ilipoweza kusimama nyuma ya pikapu. Wakatupa mnyororo, wakajaribu kuivuta pikapu kwa gia ya nyuma. Magurudumu yakazunguka bure, na Landrova yenyewe ikaanza kuteleza kuelekea chini. Mzee akakanyaga breki, uso umebadilika.

Sigang akatazama huku na huku. Ukingo wote ulikuwa mtupu, miti ilishakatwa zamani. Ulibaki mmoja tu, juu nyuma yao, mkubwa, wenye mizizi iliyoshika mlima. Garini walikuwa na winchi ya mkono, ile ya kuvutwa kwa mpini, lakini waya wake haukufika kutoka kwenye mti mpaka kwenye pikapu. Mnyororo nao haukufika. Kilichokuwa katikati ni Landrova.

"Baba," alisema, "tuifanye Landrova kiungo cha mnyororo."

Mzee alielewa mara moja. Mnyororo kutoka kwenye mti mpaka bampa ya nyuma. Waya wa winchi kutoka bampa ya mbele mpaka pikapu. Uzito wote, pikapu, matope na Labo, upite kwenye bampa moja, kwenye chesisi, utokee kwenye bampa nyingine, ufike kwenye mti. Kama kuna mahali pabovu, hapo ndipo patakaposema.

"Unaziamini?" aliuliza.

Sigang alikumbuka uwanja, na ile kraa. Rinai alikuwa amesimama kwenye matope na mikono kifuani, anamtazama.

"Hizi nazijua," alisema.

Wakafunga. Sigang akatandaza magunia mabichi juu ya waya, ili ukikatika usiruke na kumkata mtu, akawafukuza watu wote mbali. Mzee na vijana wawili wakashika mpini kwa ubavuni. Yeye mwenyewe akapiga magoti kando ya gurudumu la mbele, mahali ambapo hakupaswa kukaa, macho kwenye maungio.

"Vuta!"

Waya ukakaza. Nyuma, mnyororo ukainuka kutoka matopeni, ukanyooka, ukatetema. Landrova ikalia. Springi zikajinyoosha, mwili wote ukainuka kidogo kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kubeba gunia. Sigang akasikia mlio mwembamba ukipita ndani ya chuma, kutoka bampa hadi bampa, akasogeza sikio. Lakini haukuwa wa kikohozi. Ulikuwa ni ule wa kengele.

"Vuta, baba! Vuta!"

Mpini ukaenda na kurudi. Pikapu ikajitikisa. Ikarudi nyuma kiasi cha kidole, kisha kiasi cha kiganja. Lile gurudumu lililokuwa likining'inia likagusa ukingo, likamega udongo, likamega tena, kisha likapanda. Mara pikapu nzima ikawa barabarani, magurudumu yote chini, na watu wakapiga yowe. Mpiga mianzi mmoja, asijue afanye nini na furaha yake, akapuliza mwanzi wake mkubwa kwa sauti nzito kama ya nyati.

Labo alitoka garini akishikilia mlango. Rinai akamkumbatia, akamtukana, akamkumbatia tena. Kisha Labo akaja kwa shemeji yake, akafungua mdomo, akaufunga.

"Mungu mkubwa," alisema Rinai. "Leo hana la kusema."

"Nilikucheka," Labo akasema mwishowe.

"Na kesho utanicheka."

"Kesho hapana." Akapangusa matope usoni. "Labda kesho kutwa."

Walipokuwa wakikusanya vifaa, Sigang alibaki peke yake mbele ya Landrova. Akapitisha kidole kwenye kila ungio. Hapakuwa na ufa. Rangi nyekundu ilikuwa imekwaruzika pale ndoano iliposhika, na chini yake kijivu safi kiling'aa. Huko Labuan alichomelea meli ngapi, zikateremshwa majini, zikaondoka na asizione tena! Hakuwahi kujua jinsi zilivyostahimili mawimbi. Leo alipiga magoti akaona kwa macho yake kazi ya mikono yake ikibeba mtu. Alikaa pale mpaka baba alipopiga honi.

Labo alikataa kutangulia tena. "Landrova mbele," aliamuru, "mimi nyuma yake, karibu kabisa." Kwenye kivuko, ncha za bampa zilipita juu ya ukingo bila kugusa, na mzee Murang akamtazama binti yake kwa pembe ya jicho.

Waliingia Lawas na matope yao. Sigang alitaka kuiosha Landrova kabla ya watu kuiona, mzee akakataa katakata. Akaiegesha karibu na uwanja wa mbio za nyati, mahali ambapo kila mtu lazima apite, akasimama kando yake na shati lake la sikukuu. Wazee wenzake wa vijiji vya mito mingine wakaja mmoja mmoja. Kila aliyekuja alisimuliwa. Katika masimulizi ya kwanza korongo lilikuwa na kina cha minazi miwili. Kufikia adhuhuri halikuwa na mwisho.

Mwanamume mmoja wa kijiji cha Long Semadoh, mwenye Landrova kuukuu kama ile, alizunguka gari lote, akachungulia chini, akagonga bampa kwa kifundo cha kidole.

"Mzee Murang, hii kazi si ya milimani. Fundi gani wa mjini amekufanyia? Nipeleke kwake."

"Fundi wa mjini!" Mzee alijivuta akawa mrefu. Akaelekeza kidevu kwenye kivuli cha hema la karibu, ambako Sigang alikuwa amekaa chini na kifurushi cha wali kilichofunguliwa mapajani, shavu limejaa. "Fundi ndiye yule. Binti yangu."

Watu wote wakageuka. Sigang akajaribu kumeza haraka, akapangusa mikono kwenye suruali, akaanza kuinuka.

"Kaa!" baba yake alimpigia kelele kutoka kule, sauti ikavuma juu ya ngoma na nyati na uwanja mzima. "Kaa ule! Watasubiri!"

Na wakasubiri. Yule mtu wa Long Semadoh alichutama kando ya hema na kofia mkononi, nyuma yake mwingine, nyuma yake mwingine tena, huku Sigang akimalizia wali wake taratibu.